Wamekualika kwenye mgahawa wa Kiskoti? Yaseme mapema

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni wa Tanga, nasoma shahada ya uzamili hapa Glasgow tangu Septemba. Wenzangu watano wa darasani wamenialika tukale pamoja chakula cha jioni kwenye mgahawa wa Kiskoti mwisho wa Januari, wiki ya Burns, wanapomkumbuka mshairi wao Robert Burns. Mimi ni Mwislamu, nyama nala ya halali tu, na pombe siigusi. Menyu nimeiona mtandaoni, imejaa haggis, wiski na majina nisiyoyajua. Sitaki kuwaudhi, wala sitaki kukaa nikiwatazama wenzangu wakila. Halafu, kwa kuwa wao ndio walionialika, watanilipia? Pesa zangu ni za kuhesabu. Na je, niende na zawadi?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Nenda, na uende na njaa yako, maana chakula utakipata. Ila mambo mawili yaseme kabla ya siku yenyewe: unachokula na usichokula, na namna mtakavyolipa. Nimehudumia meza Uskoti na nimefanya kazi jikoni, na nimeona wageni wa kwetu wakiinamia sahani ya chipsi tupu kwa sababu ya haya. Tumelelewa kwamba mgeni hula alichowekewa, na kuchagua chagua ni kumwaibisha mwenye nyumba. Mgahawani hakuna mwenye nyumba wa kuaibika. Mpishi analipwa akusikilize, na hao rafiki zako wataumia zaidi wakijua kesho yake kwamba ulilala na njaa kuliko watakavyosumbuka na maswali yako.

Nianze na malipo, kwa sababu ndipo wengi wetu hunaswa. Kwetu anayesema "twende nikakulishe" keshatia mkono mfukoni. Wanafunzi wa Uskoti wakikwambia njoo tukale, wanakualika kwenye kikao, na kila mtu anakuja na mfuko wake. Usilichukue kama uchoyo. Mtu huyo huyo atakubebea mizigo siku ya kuhama na kukupikia ukiumwa. Ukisikia mtu anatamka waziwazi kwamba leo analipa yeye, basi umelipiwa, shukuru na ufurahi. Asipotamka, hesabu kwamba unajilipia.

Sasa kuna kujilipia kwa namna mbili, na tofauti yake ni kubwa kwa mtu wa bajeti. Namna ya kwanza, kila mmoja analipa alichoagiza. Namna ya pili, bili inagawanywa sawasawa. Chukua mfano: mko sita, bili imefika pauni 180, juu yake pana ada ya huduma ya asilimia 10, jumla pauni 198. Mkigawana sawa, kila mtu pauni 33. Lakini wewe ulikula supu na samaki ukanywa maji, chakula chako ni pauni 20, na ukiongeza ada yake inakuwa 22. Hizo 11 zilizobaki umechangia mvinyo wa wenzako. Kwako hilo si suala la pesa peke yake, maana hutaki shilingi yako iende kwenye pombe. Kwa hiyo tuma ujumbe kwenye kundi lenu la simu siku chache kabla, mwepesi tu: "Nimefurahi sana kualikwa. Mimi sinywi, kwa hiyo nitalipa changu peke yangu." Basi. Usiongeze maelezo ya bajeti wala kuomba radhi. Mtu asiyekunywa kulipa chake ni jambo wanalolijua na hakuna atakayeliwazia mara mbili.

Mkifika, mwambie mhudumu mapema kwamba utahitaji bili yako kando. Ataandika vyako peke yake tangu mwanzo, na mwisho atakuja na mashine ya kadi mpaka pale ulipokaa. Kumwambia baada ya kula, meza ya watu sita, ni kumtesa na kujitesa.

Hiyo ada ya huduma huwa asilimia 10 au 12.5, na migahawa mingi huiweka yenyewe mkiwa watu sita au zaidi. Kwa kawaida ni ya hiari, na menyu au bili itasema hivyo, kwa hiyo kama huduma ilikuwa mbovu unaweza kuomba iondolewe. Ikishawekwa, huna haja ya kuacha bahshishi nyingine. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bahshishi na ada ya huduma yote bila kukata chake. Nimefurahi kuiona sheria hiyo. Wanaobeba sahani zile wengi ni wanafunzi kama wewe.

Na njia ya kupunguza gharama ipo, ambayo wageni wengi hawaijui. Migahawa mingi ya Glasgow na Edinburgh ina menyu ya jioni ya mapema, iliyoanzia kwa watu wanaowahi kuingia kwenye tamthilia. Aghalabu hutolewa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na nusu, vyakula viwili au vitatu kwa bei moja iliyo chini ya ile ya kawaida, kutoka jiko lile lile. Pendekeza muda huo. Mwisho wa Januari jua la Glasgow linazama kabla ya saa kumi na moja, kwa hiyo utaswali Magharibi yako kisha utoke. Vilevile majiko ya huko hufungwa mapema, mengi saa tatu usiku yameshazima moto.

Tuje kwenye chakula. Nyama na kuku wa mgahawa wa kawaida wa Kiskoti usivitegemee kuwa vimechinjwa kwa njia yetu mpaka uambiwe vinginevyo. Kulungu wao ndiyo kabisa, anapigwa risasi mlimani. Lakini usimuulize mhudumu "hii ni halali?" ukaishia hapo. Wengi wanaelewa kwamba halali maana yake hakuna nguruwe, na watakujibu "ndiyo, haina nguruwe" kwa nia njema kabisa. Taja vitu kwa majina: huli nyama yoyote wala kuku, huli bekoni, yaani nyama ya nguruwe, huli chochote kilichopikwa kwa wiski, mvinyo au bia hata kama imechemka, huli jelatini, na unakula samaki. Mwenzako aliyeweka nafasi ya meza ayaandike hayo kwenye nafasi hiyo, au wewe uwaandikie barua pepe. Mpishi akijua tangu asubuhi, atakutengea sosi kabla hajaimwagia mvinyo. Akijulia saa mbili usiku, mgahawa umejaa, sosi imeshaiva sufuria nzima na hakuna la kufanya.

Watakuuliza kuhusu mzio, na hapa uwe makini. Sheria ya Uingereza inaulazimu mgahawa kukueleza vitu 14 vinavyosababisha mzio: ngano na nafaka za aina yake, mayai, maziwa, samaki, kamba, kome, karanga, njugu nyingine, soya, ufuta, haradali, seleri, lupini na salfaiti. Nguruwe hamo. Pombe haimo. Kwa hiyo akikufungulia daftari la mzio akakuonyesha kwamba chakula ni salama, bado hajakujibu swali lako. Muulize amuulize mpishi. Wanakwenda na kurudi jikoni kwa maswali kama hayo usiku kucha, ni kazi yao.

Kuhusu haggis, ile yenyewe kwako haifai, lakini ni vizuri uijue, maana usiku huo itazungumzwa kuliko kitu kingine. Ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, yanachemshwa, yanasagwa, yanachanganywa na nafaka ya oti iliyokaangwa kidogo, kitunguu, shahamu, chumvi na pilipili manga nyingi, kisha vinajazwa ndani ya tumbo la kondoo na kuchemshwa tena. Siku hizi wengi hutumia mfuko wa kutengenezwa badala ya tumbo. Huliwa na mbatata zilizopondwa na mboga moja ya mzizi, ya njano, nayo imepondwa. Mtu aliyekulia kwenye supu ya utumbo na maini hatashtuka hata kidogo. Wanaokunja pua ni waliozoea nyama ya paketi.

Habari njema ni kwamba haggis ya mboga ipo karibu kila mgahawa wa Kiskoti, na si kitu cha kubabaisha. Kampuni ya Macsween ya Edinburgh iliitoa mwaka 1984, na leo Waskoti wala nyama wengi huila kwa kupenda. Ndani yake mna oti, maharage, dengu, karoti, uyoga na mbegu, na pilipili manga ile ile. Ikiletwa imemomonyoka kwenye sahani, rangi ya udongo, inatoa mvuke wenye harufu ya viungo, na ukiitia kwenye uma pamoja na ile mboga ya njano unapata ukali na utamu kwa pamoja. Iagize hiyo. Utakuwa umekula haggis usiku wa Burns na wenzako, na hutakuwa mtu wa pembeni. Sharti moja: sosi. Sosi inayokuja nayo mara nyingi ni ya krimu na wiski. Sema iletwe bila sosi, au na mchuzi wa mboga kama wanao.

Baada ya hapo, wewe mtu wa Tanga, macho yaende kwenye samaki. Uskoti ni nchi ya bahari na wavuvi, na mimi naona samaki ndio fahari ya jiko lao hata kuliko haggis. Kuna supu inaitwa Cullen skink, jina la mji wa Cullen ulio pwani ya kaskazini mashariki. Ni samaki wa moshi aina ya hadoki, mbatata, kitunguu na maziwa. Inakuja nyeupe, nzito, ukiikoroga vipande vya samaki vinajitokeza, na moshi wake unauonja kabla ya chumvi. Kwa baridi ya Januari sijui chakula kinachomfaa mtu wa pwani kuliko hicho, na bakuli moja na mkate wake karibu linashibisha. Uliza mambo mawili tu: kama wametia bekoni, maana wapo wanaotia, na kama wamepikia supu ya kuku.

Ukiona Arbroath smokie, ni hadoki mzima aliyepikwa kwa moshi mzito wa kuni ngumu. Jina hilo limelindwa kisheria tangu 2004, na anayetaka kulitumia ni lazima awe ametengeneza samaki huyo katika eneo la Arbroath. Samoni wa moshi naye ni mzuri, ila uliza kama amelowekwa kwenye wiski, kwa sababu wapo wanaofanya hivyo na kujisifia.

Mitego ni hii, na hakuna hata mmoja uliotegwa kwa ubaya. Kombe wa kukaangwa, wale wakubwa weupe, mara nyingi huletwa juu ya kipande cheusi cha mviringo. Kile ni soseji ya damu, na ya mji wa Stornoway ndiyo inayosifika. Kome huchemshwa kwa mvinyo mweupe karibu kila mahali. Samaki wa chipsi hupakwa unga uliokorogwa na bia, na chipsi zenyewe baadhi ya sehemu hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe. Kitu kinachoitwa kuku wa Balmoral ni kuku aliyejazwa haggis na kuzungushiwa bekoni. Kwenye vitindamlo, ile bilauri nzuri ya krimu, rasiberi, asali na oti inayoitwa cranachan ina wiski ndani, na hawawezi kuitoa kama imeshachanganywa. Keki ya kuchemshwa kwenye kitambaa, clootie dumpling, kwa asili ina shahamu ya ng'ombe. Chagua keki ya tende yenye sosi ya kahawia, ile sticky toffee pudding, na uulizie sosi yake tu. Tende zimesagwa ndani kwa ndani, laini, na ikiletwa ya moto usimgawie mtu.

Vinywaji. Omba maji ya bomba. Uskoti sheria ya leseni inamlazimu mwenye mgahawa anayeuza pombe kutoa maji ya bomba bure kwa mteja anayeyaomba, na hakuna anayekuona bahili. Wanayanywa wenyewe na wanayaonea fahari. Ukitaka kitu chenye rangi mezani, kuna Irn-Bru, soda yao ya rangi ya machungwa iliyoanza kuuzwa 1901. Kuinywa mbele ya Waskoti ni kuwafurahisha bila gharama.

Suala la kukaa meza moja na wanaokunywa nalijibu kwa mpaka wangu. Hukumu yake muulize sheikh unayemwamini. Wapo wanaoliona jambo zito na hawakai kabisa, na nawaheshimu. Kama nawe uko upande huo, waambie wenzako mapema na uwape njia: chakula cha mchana badala ya cha jioni, au mgahawa usiouza pombe. Watano hao wakikupenda watakubali, na mchana menyu huwa rahisi zaidi. Kama umeamua kwenda, basi jua desturi moja inayowatatiza wengi. Baada ya kula watu huhamia baa, na huko hununuliana kwa zamu: leo mimi nawanunulia wote sita, kisha wewe, kisha yule. Zamu hiyo wanaishika kwa uzito. Anayepokea soda kila zamu na asinunue atakumbukwa, hata kama hakuna atakayesema. Nawe huwezi kununua bia tano. Kwa hiyo mtu wa kwanza akiuliza "unakunywa nini?", jibu hapo hapo: "Asante, mimi sijiingizi kwenye zamu, najinunulia mwenyewe." Wasiokunywa na wenye kuendesha gari hufanya hivyo kila siku. Tena Uskoti kiwango cha pombe kwa dereva ni cha chini kuliko England tangu Desemba 2014, kwa hiyo mezani mara nyingi huwa kuna mwingine anayekunywa maji kama wewe. Au aga baada ya chakula ukalale. Kuondoka baada ya kitindamlo si utovu wa adabu.

Wiki hiyo ya Burns kunaweza kuwa na shughuli zaidi ya kula, nikudokeze ili usishtuke. Robert Burns, mshairi wao mkuu, alizaliwa tarehe 25 Januari 1759. Mwaka 1801, miaka 5 baada ya kifo chake, rafiki zake walikutana kwenye nyumba alimozaliwa kijijini Alloway wakala haggis na kusoma mashairi yake, na karamu hizi zimetokana na kikao hicho. Mgahawa ukiiadhimisha, haggis itaingizwa kwa mlio wa zumari lao la mfuko, watu wakisimama. Mtu ataisomea haggis shairi alilolitunga Burns mwenyewe kwa ajili ya chakula hicho, na katikati ya shairi atachomoa kisu na kuipasua haggis, mvuke utoke. Kabla ya kula husomwa dua fupi ya Kikristo. Nyamaza kwa heshima, soma bismillahi yako. Wakiinua bilauri za wiski, inua maji yako. Hiyo inakubalika kabisa, na hakuna anayechungulia bilauri ya mwenzake. Sisi watu wa pwani tunaojua mtu kusimama kwenye sherehe akaghani utenzi hatuwezi kuwa wageni mahali hapo. Lugha yenyewe ya Kiskoti hutaielewa yote, hata Waingereza hawaielewi. Mwombe rafiki yako mmoja akufafanulie beti mbili tatu. Hilo litamfurahisha kuliko zawadi yoyote.

Na zawadi uliyoiulizia: mgahawani hapana. Wakikualika nyumbani, ndiyo, peleka chokoleti au maua, au viungo vya kwetu kama unavyo. Kinachotakiwa baada ya usiku huo ni ujumbe wa shukrani kesho yake, kisha wiki chache mbele uwaite wewe. Glasgow ina migahawa mingi inayopika halali, ya Kipakistani, ya Kiarabu na ya Kituruki, na kuku wa tikka masala mwenyewe inadaiwa alibuniwa mji huo huo, kwenye mgahawa wa Shish Mahal. Chagua mahali ambapo menyu nzima unaweza kuila. Na kwenye ujumbe wa kuwaalika uandike kabisa kama unalipa wewe au kila mtu analipa chake, ili nao wasikae wakijiuliza kama ulivyojiuliza.